Jua Tunalo, Swali Ni Maji: Jinsi Nilivyobadilisha Mfumo wa Maji ya Moto Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Nairobi na vitongoji vyake, maji ya kuoga hupashwa na shawa ya umeme, ile inayofungwa bafuni juu ya kichwa cha anayeoga na kuwashwa kwa swichi kubwa yenye taa nyekundu. Ni kifaa cha bei nafuu ambacho fundi hukifunga kwa muda mfupi, na kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga sioni sababu ya kukitafutia mbadala. Kwa familia ya watu 5 kama yetu, hapa Syokimau, hesabu yake ni nyingine kabisa, na hesabu hiyo ndiyo iliyonihamisha kwenye sola.

Uniti moja ya umeme, yaani kilowati 1 ikitumika kwa saa moja, hupandisha joto la lita 86 za maji kwa nyuzi 10 tu. Asubuhi ya Julai, maji yanayoshuka kutoka tangi letu la juu huwa na nyuzi 17 hivi, ilhali mtu hufurahia kuoga maji yakiwa na nyuzi 40 au karibu na hapo. Shawa yenye nguvu ya kilowati 5 haiwezi kuziba pengo hilo kwa zaidi ya lita 3 kwa dakika, na ndiyo maana kila aliyeitumia msimu wa baridi anajua kuubana mfereji mpaka maji yawe uzi mwembamba, kisha kugeuka upande huu na upande ule ili kila kiungo kipate zamu yake. Anayeoga kwa dakika 10 hutumia uniti 0.8 na kidogo. Watu 5, kila siku, kwa siku 30, hufikisha takriban uniti 125, kabla hata friji, pasi na taa hazijahesabiwa.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu ya namna umeme unavyouzwa Kenya. Kwa mujibu wa bei zilizoanza kutumika mwaka 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na waliovuka hapo, na bei ya uniti hupanda kutoka kundi moja hadi lingine. Kwa maneno mengine, kuoga peke yake kulitosha kutuweka katika kundi la juu, kisha kila kitu kingine ndani ya nyumba kikalipiwa kwa bei hiyo hiyo ya juu.

Sitajidai kwamba nilibadilisha kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia. Umeme wetu, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hiyo shawa ya Syokimau haifukizi moshi mwingi kama ya nchi inayochoma makaa ya mawe. Mitambo ya mafuta huhitajika hasa jioni, saa ambazo nchi nzima imerudi nyumbani, imewasha taa na kuingia bafuni. Hapo ndipo kupunguza matumizi kunapoisaidia nchi. Lakini mimi nilianza na mfuko wangu.

Nilizipima njia nyingine pia. Boila ya umeme yenye tangi ingetupa maji mengi kwa nguvu nzuri, ila hupoteza uniti 1 au zaidi kwa siku kwa kupoa tu ukutani. Kipasha maji cha gesi hufanya kazi vizuri, lakini hakifai kufungwa ndani ya bafu wala mahali pasipopitisha hewa kwa sababu ya kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ambayo huua, na mpangilio wa nyumba yetu haukuniachia ukuta wa nje ulio karibu. Pampu ya joto ni kama friji iliyogeuzwa kazi: huvuta joto lililo katika hewa ya nje na kulisukuma ndani ya tangi, na kwa uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti 3 hivi. Kwa wakazi wa magorofa wasio na paa lao wenyewe, huenda hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Kwangu mimi bei ilikuwa juu, na sikumpata fundi jirani ambaye ningemwita ikiharibika.

Ikabaki sola, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wauzaji wengi huzungumzia jua peke yake. Jua tunalo. Kila mita moja ya mraba ya paa la Nairobi hupokea kwa wastani nishati ya takriban uniti 5 kwa siku, na hata Julai, mawingu yanapotanda tangu asubuhi, haishuki sana chini ya 4. Paneli ya mita 2 za mraba inayonasa nusu ya nishati hiyo inatosha, siku ya kawaida, kupandisha lita 150 kwa nyuzi 25 hadi 30. Kanuni za serikali za mwaka 2012, ambazo zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungiwe mitambo ya jua, nazo zilianzia kwenye hesabu ya lita. Swali ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza ni maji yenyewe yanatoka wapi.

Yetu hutoka kwenye kisima kirefu, na ni ya chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi kuanzia hapa hadi Athi River na Kitengela. Fundi aliyekuja kukagua paa, mzee wa makamo mwenye mazoea ya kusikiliza kabla ya kusema, hakupanda ngazi kwanza. Alizima umeme, akaifungua shawa yetu ya zamani, akanionyesha koili iliyokuwa ndani. Ilikuwa imevikwa gamba jeupe, nene kama ganda la yai, na alipoigonga kwa ncha ya bisibisi vipande vikamwangukia kiganjani.

"Mama, jua si shida hapa," akaniambia. "Hiki ndicho kitakachoingia kwenye mabomba ya sola yako."

Maelezo yake yalikuwa haya. Katika mfumo wa kawaida, maji yale yale ya kuoga ndiyo yanayopita ndani ya paneli, kwenye vijibomba vyembamba vya shaba. Yakiwa ya chumvi na chokaa, huacha gamba kila yanapopashwa, mpaka njia inaziba. Mfumo alioupendekeza una mizunguko miwili isiyokutana. Ndani ya paneli huzunguka maji yaliyochanganywa na glaikoli, kimiminika cha kuzuia kuganda; mchanganyiko huo hupokea joto la jua, hupanda yenyewe kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hufika kwenye koti lililolizunguka tangi, huacha joto lake hapo, kisha hushuka tena. Hakuna pampu wala umeme. Maji ya kuoga hubaki ndani ya tangi, na gamba likijijenga hujijenga mahali penye nafasi, panapoweza kusafishwa.

Tangi nalo lina habari yake. Nilikuwa nimevutiwa na lile la chuma kisichoshika kutu, kwa kung'aa kwake na kwa jina lake, lakini chumvi ya kloridi hukitoboa chuma hicho vitundu vidogo vidogo, hasa maji yakiwa ya moto. Fundi alinishauri nichukue tangi la chuma cha kawaida lililopakwa enameli, utando mgumu kama kioo, kwa ndani, lenye ufito wa magnesiamu katikati. Ufito huo huliwa na maji badala ya tangi kuliwa, na ukiisha hubadilishwa. Kwa maji ya chumvi huisha upesi, kwa hiyo sharti ufunguliwe na kutazamwa kila mwaka. Nyumba nyingi hazifanyi hivyo, na tangi likivuja lawama huangukia sola.

Dada yangu anaishi South B, ambako maji ni matamu lakini huja kwa mgao, jambo ambalo Nairobi imeishi nalo tangu Januari 2017, bwawa la Ndakaini liliposhuka. Yeye ana sola ya mirija ya kioo yenye kuta mbili na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati. Ni mfumo mzuri sana siku za mawingu, na wa bei ya chini kuliko wangu, ila maji huingia ndani ya kioo chenyewe. Siku moja tangi lake lilikauka, mirija ikakaa mitupu juani hadi adhuhuri, kisha maji ya mgao yakarudi yakiwa baridi. Mirija mitatu ilipasuka kwa mpigo. Sasa ana tangi la akiba na vali anayoifunga mapema maji yakikatika. Mfumo ungefaa vizuri kwingineko. Mtaa wake ndio una masharti yake.

Kazi ya kufunga yenyewe haikuwa na mengi, isipokuwa mambo mawili ya paa. La kwanza ni uzito: lita 150 za maji ni kilo 150, ukiongeza chuma na paneli unakaribia uzito wa watu wanne, na mbao zetu zilihitaji kuongezewa nguzo. La pili ni mwelekeo. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, miezi ambayo baridi yetu yote imo ndani yake. Muuzaji alitaka paneli ikae upande wa mashariki, karibu na bafu, ili aokoe bomba. Tulichagua kaskazini, kwa mwinamo wa kutosha kuwezesha maji ya moto kupanda na mvua kuosha vumbi, na sehemu ya chini ya tangi ikawekwa sentimita 30 juu ya ukingo wa paneli ili mzunguko usigeuke usiku na kurudisha joto angani.

Gharama yote, pamoja na kazi, ilizidi shilingi laki moja na nusu. Miezi mingi sasa tumerudi chini ya uniti 100, na kwa bei ya shilingi 28 hivi kwa uniti, kodi na ada zikiwemo, natarajia fedha hizo zirudi katika muda wa karibu miaka 5. Asiye na hakika ya kuishi katika nyumba yake muda huo, hasa mpangaji, asiharakishe.

Mazoea ya nyumbani yalibadilika kuliko nilivyofikiri. Maji huwa ya moto zaidi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo watoto huoga wakirudi shuleni, na mama mkwe, ambaye hajawahi kuikubali shawa ya aina yoyote, hujaza ndoo yake saa hiyo hiyo. Sisi wa asubuhi huoga yaliyobaki, ambayo tangi lenye kinga nzuri huyahifadhi bila kupoteza joto jingi. Hita ya akiba ya kilowati 1.5 hukaa imezimwa. Julai huwashwa kwa saa moja alfajiri, muda unaotosha kuongeza nyuzi 8 au 9, na mara moja kwa wiki, jua likishindwa, huachwa mpaka maji yafike nyuzi 60, kwa kuwa maji ya vuguvugu yaliyotuama huweza kuzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu.

Jikoni hatukuunganisha. Kutoka tangini hadi karo la chini ni mita 15 za bomba, ambazo hubeba lita 3 na zaidi. Kila mara ungemwaga lita hizo za baridi kabla ya moto kufika, kisha ungeacha kiasi kile kile cha maji ya moto kipoe ndani ya bomba kwa ajili ya kuosha vikombe vinne. Fundi alinipa bei ya bomba la kurudisha maji na pampu ndogo ya kuyazungusha. Nikamshukuru, nikabaki na birika.