Akaunti Iliyotekwa Hairudi kwa Kubadilisha Nenosiri Peke Yake

Dada yangu aliponipigia simu, alikuwa amekwisha kubadilisha nenosiri la akaunti yake ya mtandao wa kijamii mara kadhaa, na kila alipolibadilisha, mtekaji aliingia tena kana kwamba alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Yeye aliilaumu kampuni kwa kuwa na mfumo mbovu. Tulipoketi na kulifuatilia jambo lenyewe taratibu, ilibainika kwamba mlango huo haukuwa kwenye akaunti ile bali kwenye barua pepe yake, ambako hakuwa amefikiria kutazama.

Chanzo kilikuwa ujumbe uliodai kwamba ukurasa wake wa biashara umekiuka hakimiliki na kwamba ungefungwa baada ya saa 24 asipokata rufaa. Kiungo kilimpeleka kwenye tovuti iliyofanana na ya kampuni kwa kila hali, hata alama ya kufuli pembeni mwa anwani ikiwamo. Alama hiyo imewaponza wengi. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomwe na mtu wa kati, wala haisemi lolote kuhusu mwenye tovuti, kwa kuwa cheti cha kidijitali kinachoileta hupatikana bure kwa yeyote anayemiliki anwani, tapeli naye akiwamo; ndiyo sababu Google iliiondoa kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2023. Kilichostahili kusomwa ni anwani yenyewe. Jina la kampuni lilikuwamo kweli, lakini mwanzoni, ilhali mmiliki hutambulika kwa sehemu ya mwisho ya jina la tovuti, na pale mwishoni palikuwa na maneno mengine kabisa. Kwenye kioo cha simu sehemu hiyo ilikuwa imekatwa.

Uthibitishaji wa hatua mbili alikuwa nao. Tovuti ya uongo ilimwomba namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe mfupi, ikaiwasilisha papo hapo kwenye tovuti halisi, na mtekaji akawa ameingia kabla namba haijaisha muda wake. Kisha akalijaribu nenosiri lilelile kwenye barua pepe, likakubali, na huko hakukuwa na hatua ya pili ya kumzuia.

Ndani ya mipangilio ya barua pepe tulikuta kanuni ya kuchuja ujumbe iliyopewa jina la nukta moja tu, yaani alama ambayo jicho huipita bila kuiona. Kanuni hiyo iliagiza kwamba ujumbe wowote kutoka kwa kampuni ya mtandao ule uhesabiwe umekwisha kusomwa, upelekwe kwenye tupio, na nakala yake itumwe kwenye anwani iliyofanana na ya dada isipokuwa herufi moja. Kwa hiyo kila alipobadilisha nenosiri, mtekaji aliomba jipya, kiungo cha kulibadilisha kikamfikia yeye, na mwenye akaunti hakuona hata arifa. Lazima nikiri kwamba ni kazi ya ufundi, ingawa ni ufundi wa kulaaniwa.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa hatua kuliko kasi yake. Tulianza na barua pepe, tukitumia simu ambayo dada ameitumia siku zote: tulivitoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, tukafuta kanuni ile na anwani ya kupokelea nakala, tukaondoa programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma ujumbe, tukarudisha namba ya simu na anwani ya dharura, zile za kurejeshea akaunti, zilizokuwa zimebadilishwa, tukaweka nenosiri jipya lisilotumika kwingine na hatua ya pili, na mwisho tukatoa misimbo mipya ya akiba, yaani namba za kuingilia pale hatua ya pili isipopatikana, na kuiandika kwenye karatasi. Anayebadilisha nenosiri na kuziacha programu hizo za nje anaweza kumwacha mwizi ndani, kwa sababu ruhusa yake haitegemei nenosiri kila mara.

Tupio lilitufaa kuliko tulivyotarajia. Miongoni mwa ujumbe uliotupwa kulikuwa na arifa ya kwamba anwani ya barua pepe ya akaunti imebadilishwa, nayo ilikuwa na kiungo cha kukanusha badiliko hilo. Tuliilinganisha kwanza anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, maana mtu aliyekwisha kuumwa hapaswi kubofya kwa imani. Viungo vya namna hii huisha muda. Kwa upande wa akaunti za Google, namba ya simu au anwani ya dharura iliyobadilishwa huweza kutumika bado kwa hadi siku 7 baada ya badiliko, jambo ambalo wengi hulijua muda ukiwa umepita.

Kiungo kiliirudisha anwani, lakini mtekaji alikuwa ameshaweka programu yake mwenyewe ya kutoa namba za uthibitisho, na hapo ndipo tulipokwama. Kampuni ilitaka video ya uso ili iulinganishe na picha zilizomo kwenye akaunti, na akaunti ilikuwa na picha za bidhaa tupu. Majibu yalikuja na maneno yaleyale, bila jina la mtu wala namba ya kupiga. Kilichosaidia hatimaye ni kitambulisho chenye jina lililolingana na la akaunti, kilichotumwa kutoka kwenye simu ileile na mtandao uleule wa nyumbani, kwa kuwa mifumo hii hupima pia kifaa na mahali ombi linapotoka. Kujaribu kwa kompyuta za watu, jambo ambalo dada alikuwa amelianza kwa kukata tamaa, huzidisha shaka tu.

Wakati huo mtekaji alikuwa akiwaandikia ndugu na wateja akiomba mkopo wa haraka. Aliyemshtukia mapema ni wifi yake, ambaye aliandikiwa “habari yako rafiki”, ilhali miaka yote dada humwita wifi na hajui kumwita vingine. Wifi alipiga simu badala ya kujibu, kisha akawaonya wengine. Wakajitokeza pia wanaojiita wataalamu wa kurejesha akaunti, wakidai wana mtu wao ndani ya kampuni na kwamba wanahitaji malipo kidogo pamoja na namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu. Hao ni matapeli wa awamu ya pili, na huwatafuta hasa wanaolalamika hadharani.

Baada ya akaunti kurudi, tulikagua wasimamizi wa ukurasa na kumkuta mmoja asiyejulikana, tukamwondoa. Tukakagua sehemu ya matangazo, ambako kadi ya benki ya dada ilikuwa imeunganishwa, tukaiondoa nayo na kuiarifu benki. Sasa anaingia bila nenosiri, kwa ufunguo wa siri (passkey) uliohifadhiwa kwenye simu, ambao hufungamana na anwani halisi ya tovuti na hivyo hauwezi kutumika kwenye tovuti ya bandia hata mwenyewe akihadaika. Mazungumzo na wateja ambayo mtekaji aliyafuta hayakurudi, na oda zilizokuwamo anaziuliza upya, mteja mmoja mmoja, kwa simu.