Namna ninavyosafisha nyumba majitaka yakirudi ndani

Nyumba nyingi ninazoitwa kusafisha huwa zimeshamwagiwa klorini kabla sijafika. Dawa inachoma pua, macho yanatoka machozi, na kinyesi bado kipo chini ya zulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kuliko jambo lingine lolote. Klorini kazi yake ni kuua vijidudu, haiondoi uchafu, na ikikuta uchafu mwingi nguvu yake huishia humo kabla ya kuvifikia vijidudu. Tena mkojo una amonia, na klorini ikikutana nayo hutoa gesi ya kloramini inayoumiza macho na mapafu. Kwa hiyo nafuata mpangilio mmoja: kuzuia, kutoa, kuosha, kuua vijidudu, kukausha. Ukiruka hatua moja, inayofuata haifanyi kazi.

Kabla ya kukanyaga sakafu yenye maji naangalia umeme. Kama maji yamefika kwenye soketi, au kuna waya wa kurefushia umeme umelala sakafuni, siingii mpaka umeme uzimwe. Ikiwa swichi kuu iko ndani ya eneo lenye maji, mtu asijaribu kuifuata. Aitwe fundi umeme au shirika linalosambaza umeme likate kutoka nje. Watoto, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu ya mwili waondoke nyumbani hadi kazi ya kuosha na kuua vijidudu iishe.

Mavazi yangu ni mabuti ya mpira yanayofika magotini, ovaroli isiyopitisha maji, glavu nyembamba za nitrili ndani na glavu nene za mpira juu yake, miwani inayoziba pembeni, na barakoa ya daraja la N95 au FFP2. Barakoa ya kitambaa haitoshi, maana wakati wa kusugua matone madogo sana huruka hewani. Jeraha lolote nalifunika kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuvaa glavu. Anayefanya kazi hii mara kwa mara achanjwe dhidi ya homa ya ini aina ya A, na chanjo yake ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati.

Kuzuia chanzo huanza kwa kufunga matumizi yote ya maji: hakuna kuoga, kuvuta choo wala mashine ya kufulia. Kisha natafuta tatizo lilipo. Kikirudisha kifaa kimoja tu, mara nyingi kizibo kiko kwenye tawi la kifaa hicho. Vikirudisha vyote vya chini, au choo cha ghorofani kikivutwa maji yanabubujika kwenye bafu la chini, kizibo kiko kwenye bomba kuu. Hapo nafungua chemba, lile shimo lenye mfuniko nje ya nyumba ambamo bomba kuu hupita. Chemba ikiwa kavu, kizibo kiko kati yake na nyumba. Ikiwa imejaa, kiko mbele yake. Kwa nyumba yenye tangi la majitaka naangalia kina cha maji ndani ya tangi. Yakiwa juu ya bomba la kutokea, tatizo liko huko yanakokwenda: bomba limeziba, au shimo linalonyonyesha maji hayo ardhini limeshiba. Hapo kulinyonya tangi ni nafuu ya siku chache tu. Na yakiwa chini ya bomba la kuingilia huku nyumba inarudisha, tangi halina kosa. Tafuta kizibo kwenye bomba linaloingia.

Tangi au chemba ndefu hakuna mtu wa kushuka, hata kwa kuokota kitu kilichoanguka. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, na ikizidi kiasi pua huacha kuisikia. Mtu anadhani harufu imeisha, kumbe ndipo ilipo kali zaidi. Wengi waliokufa kwenye mashimo haya ni wale walioingia kumwokoa wa kwanza.

Swali ninalouliza kila nyumba kabla ya kuingiza springi ya kuzibulia: mmemwaga nini kwenye bomba? Dawa za kuzibulia zenye asidi zikikutana na klorini hutoa gesi ya klorini yenyewe, na zile za magadi makali huunguza ngozi ya anayefungua bomba. Kifuniko cha bomba lililojaa hufunguliwa taratibu, umesimama pembeni, kwa sababu majitaka yote yaliyobanwa juu yake yatatoka kwa kishindo.

Wakati maji bado yapo, au alama yake bado mbichi, napiga picha kila chumba na kuchora kwa penseli mstari wa maji yalipofika ukutani. Picha ni za mwenye nyumba na bima yake. Mstari ni wangu, utanisaidia kukata.

Kutoa sasa. Uchafu mzito unazolewa kwa koleo na kutiwa kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ukijazwa nusu tu ili usipasuke mlangoni. Maji naondoa kwa pampu ya maji machafu, na yanayobaki kwa mashine ya kunyonya maji. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isitumike kabisa. Inarusha vijidudu hewani na inaweza kumpiga shoti anayeishika. Maji haya yarudi kwenye mfumo wa majitaka baada ya kizibo kuondolewa, au yabebwe na gari la kunyonya. Kuyamwaga kwenye mtaro wa mvua ni kumpelekea jirani maradhi.

Hapa ndipo penye mabishano na wenye nyumba: kipi kitupwe. Kipimo changu ni je, kitu hiki kimenyonya maji? Zulia na sponji ya chini yake, godoro, makochi ya sponji, mbao za unga kama zile za makabati ya bei nafuu, jipsamu na pamba ya kuzuia joto vyote vinatupwa. Zulia nalikata vipande vya upana wa mita moja hivi, nakunja upande mchafu ukiwa ndani na kulifunga kwa nailoni kabla halijapita korido safi. Mbao ngumu, saruji na matofali hunyonya kidogo, hivyo husuguliwa na kukaushwa kwa uvumilivu. Vigae, chuma, kioo na plastiki ngumu huoshwa vikabaki. Nguo zinazofulika hufuliwa peke yake kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Chakula kilichoguswa na maji hutupwa, pamoja na chupa za vifuniko vya kuzungusha, kwa kuwa uchafu hujificha kwenye nyuzi za kifuniko. Makopo yaliyozibwa kiwandani na yasiyobonyea huvuliwa lebo, yakaoshwa na kutiwa dawa.

Ukuta wa jipsamu hupandisha maji juu ya mstari ulioonekana, wakati mwingine sana. Nakata angalau sentimita 30 juu ya sehemu ya mwisho yenye unyevu kwa mujibu wa kipima unyevu, wala siutegemei mstari wa macho peke yake. Skatingi zote hutoka, hata zinazoonekana nzima. Makabati ya jikoni nayatoa ubao wa chini unaofunika miguu, maana huko ndiko majitaka hubaki wiki nzima bila mtu kujua. Sakafu ya mbao za kubandika juu juu hubeba maji chini yake. Ukibonyeza kiungo na tone likatoka, sakafu hiyo inang'olewa.

Kuosha ndiko kunakookoa nyumba, na ndiko watu wanakokuharakisha. Maji ya moto na sabuni, brashi ngumu, kutoka juu kwenda chini, na kutoka ndani kabisa kuelekea mlango wa kutokea. Natumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia brashi, ili uchafu usirudi kwenye sabuni. Kwenye zege na grauti, ile saruji ya kujazia viungo vya vigae, kunabaki utando laini wa ute usioonekana ukiwa umelowa, na vijidudu hujikinga ndani yake. Lazima usuguliwe mpaka uso usiteleze. Mashine ya maji ya kasi kubwa siitumii ndani. Inasukuma uchafu kwenye nyufa na kujaza chumba matone. Baada ya kusugua nasuuza, nanyonya, narudia. Kipimo cha kuacha ni kitambaa cheupe kilicholowa: nakipitisha pembeni, nyuma ya fremu za milango na kwenye viungo vya vigae. Kikitoka na rangi, narudi kwenye sabuni.

Kuna sababu nyingine ya kutia nguvu hapa. Mayai ya minyoo na vimelea vya kriptosporidiamu huvumilia klorini kwa viwango vinavyotumika majumbani. Vinavyoviondoa ni kuosha, kusuuza na kunyonya, yaani kuvitoa nje ya nyumba.

Dawa huja sasa. Kwa sakafu na kuta zilizoguswa na majitaka natumia klorini ya asilimia 0.5. Hesabu yake ni rahisi: gawanya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kwa nguvu unayotaka, kisha toa moja, upate sehemu za maji. Dawa ya asilimia 5 inataka sehemu 9 za maji kwa sehemu 1 ya dawa. Ya asilimia 3.5 inataka sehemu 6. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita, na unga ndio unaotiwa kwenye maji. Vyombo na vitu vya kuchezea vya plastiki, vikishaoshwa, vinatoshwa na asilimia 0.1, ambayo ni mililita 20 za dawa ya asilimia 5 katika mchanganyiko wa lita 1, kisha visuuzwe kwa maji safi.

Uso ubaki umelowa dawa kwa dakika 10. Ukikauka kabla, ongeza. Naimwaga na kuitandaza kwa mopu, siipulizi kama ukungu, maana ukungu huo unaishia kwenye koo la anayefanya kazi. Zege na plasta huinywa klorini haraka, kwa hiyo huko napitia mara ya pili. Chuma nakisuuza baadaye kisipate kutu. Madirisha yawe wazi muda wote, klorini isichanganywe na kitu kingine zaidi ya maji, na mchanganyiko wa jana umwagwe, kwani nguvu yake imeshapungua. Chupa ya klorini iliyokaa juani miezi kadhaa nayo siiamini hata kama lebo inasema asilimia 5.

Feni zinakuja baada ya hapo, si kabla. Feni ikiwashwa kwenye sakafu chafu inasambaza uchafu vyumba vilivyokuwa salama. Lakini zisicheleweshwe pia: ukungu huanza kuota kwenye vitu vyenye unyevu ndani ya saa 24 hadi 48. Kama hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani, nafungua madirisha na kuelekeza feni moja itoe hewa nje. Msimu wa mvua nafanya kinyume: nafunga kila kitu na kuwasha mashine ya kuondoa unyevu, nikilenga unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50. Maji yanayojaa kwenye ndoo ya mashine hiyo napima kila siku. Yakipungua hadi karibu na kuisha, kuta zinaelekea kukauka.

Karibu na kuisha si kukauka. Mbao sizifungi mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 16, na nalinganisha na mbao za aina ileile katika chumba ambacho hakikuguswa. Sakafu ya zege naipima kwa kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, nikikibandika kingo zote kwa utepe na kukiacha saa 16 au zaidi. Nikikuta matone chini yake, au zege imegeuka rangi, hakuna zulia wala vigae siku hiyo. Rangi inayopakwa mapema juu ya plasta yenye maji huvimba malengelenge, halafu mwenye nyumba anaanza upya kwa gharama yake.

Harufu ikirudi baada ya wiki, usikimbilie manukato. Kwanza mwaga maji kwenye kila bomba la sakafuni na bafu lisilotumika, kwa sababu kile kipindo cha bomba kinachozuia gesi kikikauka, harufu hupanda moja kwa moja. Kisha angalia mzunguko wa choo pale kinapokaa juu ya sakafu, sehemu za chini za fremu za milango, na nyuma ya kabati ambalo halikusogezwa. Mara nyingi jibu liko katika mojawapo ya hayo.

Watu wa nyumba hiyo na waliofanya usafi, yeyote atakayeharisha, kupata homa au kuwa na macho ya njano, amwambie daktari kwamba aligusa majitaka. Homa ya ini aina ya A inaweza kuchukua hadi siku 50 kujitokeza, na kufikia hapo watu wameshasahau.

Kwa nyumba ambayo sakafu yake iko chini kuliko chemba ya mtaani, napendekeza vali ya kuzuia maji yasirudi. Iwekwe kwenye tawi la vyoo na mabafu ya chini tu. Ikiwekwa kwenye bomba kuu, ikijifunga wakati wa mvua maji ya ghorofani hayana pa kwenda na yatatokea kwenye bafu lako mwenyewe. Iwe mahali inapofunguliwa kwa urahisi, isafishwe mara mbili kwa mwaka. Tambi za vitambaa vya kujifutia na mafuta ya jikoni zikibana ulimi wake haifungi. Kabla ya kukabidhi nyumba najaza sinki zote na mabeseni, kisha tunafungulia kwa pamoja na kuvuta vyoo vyote, huku mtu mmoja amesimama kwenye chemba akiangalia. Maji yapite bila kupanda ukingoni. Yakipanda hata kidogo, springi inarudi ndani ya bomba.