Baada ya uboho kushika

Watu wakiuliza habari za mgonjwa aliyepandikizwa uboho, yaani ute laini wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, swali lao la kwanza huwa kama uboho umeshika. Wakijibiwa kwamba umeshika, humshukuru Mungu na kuona kwamba kazi imekwisha. Mimi nimemuuguza mdogo wangu aliyepandikizwa kwa sababu ya saratani ya damu, na ninaamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya kuokoka kwake imeamuliwa baada ya kutoka wodini, katika kipindi ambacho familia huandaliwa kidogo mno.

Wiki za mwanzo zinatisha, lakini angalau kila mtu yuko macho. Mgonjwa hupewa dawa kali, pengine pamoja na mionzi, ili kuondoa uboho wa zamani, huwekewa uboho wa mchangiaji, kisha hukaa takriban wiki 2 hadi 4 akiwa karibu hana kinga, na homa ndogo tu huwa dharura. Mdomo na koo la mdogo wangu vilichubuka hivi kwamba, kabla ya kumeza mate, alifumba macho kwanza na kukamata ukingo wa kitanda. Madaktari walikuwa wakisubiri chembe nyeupe aina ya neutrofili zifike 500 kwa kila mikrolita ya damu na kubaki hapo siku 3 mfululizo. Hapo ndipo husemwa kwamba uboho umeshika.

Baada ya hapo chembe za kinga za mchangiaji zinaweza kuuona mwili wa mpokeaji kuwa mgeni na kuushambulia. Katika hali ya awali hushambuliwa zaidi ngozi, utumbo na ini: upele unaoanzia viganjani, nyayoni au masikioni, kuharisha sana, na macho kuwa ya manjano. Ili kuzuia hali hiyo hutumika dawa za kushusha kinga kama saiklosporini au takrolimasi pamoja na methotreksati, na siku hizi vituo vingi hutoa saiklofosfamidi siku chache baada ya kupandikiza, njia ambayo imewezesha hata mzazi au ndugu ambaye aina ya tishu zake inalingana na ya mgonjwa kwa nusu tu kuwa mchangiaji. Shambulio likitokea, steroidi ndiyo tiba ya kwanza. Zikishindwa, ipo dawa ya ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa hali hiyo mwaka 2019. Dawa hizi zote hushusha kinga, na kinga ikishuka, fangasi na virusi vilivyojificha mwilini miaka mingi, kama saitomegalo, hupata nafasi ya kuamka.

Lililonichukua muda kulielewa ni kwamba chembe hizo hizo zinazouumiza mwili ndizo zinazosaka mabaki ya saratani. Kwa mwenye saratani ya damu, daktari akizizima kabisa huongeza hatari ya ugonjwa kurudi. Kwa mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, hakuna saratani ya kusakwa, kwa hiyo shambulio hilo ni hasara tupu, na uangalifu katika kumchagua mchangiaji huwa na uzito wa pekee. Mtoto mwenye selimundu akipata uboho wa ndugu wa damu anayelingana naye kikamilifu, nafasi yake ya kuishi huzidi asilimia 90.

Hali sugu ya shambulio hili mara nyingi hujitokeza baada ya miezi kadhaa, wakati wageni wameacha kuja kumjulia hali mgonjwa. Macho hukauka, mdomo huwaka, ngozi hukakamaa. Ninayoiogopa zaidi ni ya mapafu, kwa sababu njia ndogo za hewa hupata makovu taratibu na kovu likishakomaa haliondoki. Mdogo wangu hakuwa na kikohozi wala hakuhema alipopuliza katika kipimo cha pumzi kliniki, lakini tarakimu zilikuwa zimeshuka, na matibabu yakaanza siku hiyo hiyo. Familia yoyote iliyo katika safari hii iulize kipimo hicho kitarudiwa lini, na iulize pia kuhusu tezi ya shingo, mtoto wa jicho, wembamba wa mifupa, uwezo wa kuzaa na saratani nyingine zinazoweza kuzuka baadaye, hasa za ngozi na mdomo.

Matumaini yapo, tena makubwa. Utafiti uliowafuatilia waliopokea uboho wa mtu mwingine na kutimiza miaka 2 bila ugonjwa wao kurudi ulikadiria kwamba takriban asilimia 85 kati yao wangekuwa hai miaka 10 baada ya kupandikizwa, ingawa hatari yao ya kufa hubaki juu kuliko ya watu wa rika lao.

Jambo linalosahaulika sana ni chanjo. Kinga iliyopatikana utotoni hupotea kwa kiasi kikubwa, hivyo mgonjwa huchanjwa upya kama mtoto, kuanzia miezi michache baada ya kupandikizwa. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, husubiri angalau miaka 2, tena kwa mgonjwa aliyeacha dawa za kushusha kinga na asiye na shambulio sugu. Katika muda huo wote, wanaoishi naye nyumba moja wanapaswa kuhakikisha chanjo zao wenyewe zimekamilika, baada ya kumuuliza daktari wake ni zipi zinazofaa.