Ndege wa Papai Bichi

Mwisho wa Machi 2020 nilirudi nyumbani Fuoni nikiwa na begi la nguo, visu vyangu vitatu nilivyovikunja ndani ya kitambaa, na rundo la menyu za zamani zilizokuwa zichomwe moto. Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Unguja, upande wa vyakula baridi: saladi, matunda, na mapambo ya meza. Korona ilikuwa imeingia, watalii hawaji tena, wageni wa mwisho wameshapelekwa uwanja wa ndege. Tuliambiwa tusubiri simu.

Kwa miaka sita nilikuwa nyumbani siku nne tu kila mwezi. Wanangu wote wawili walizaliwa ndani ya miaka hiyo. Siku ya tatu baada ya kurudi, binti yangu wa miaka mitano alinijia kibarazani, akasimama mbele yangu kwa adabu kabisa, akaniuliza, "Baba, unaondoka lini?" Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama anavyoulizwa mgeni, ili ijulikane kitanda kitandikwe vipi. Nilimjibu kwamba siondoki. Akanitazama, akaenda zake kwa mama yake kuhakikisha.

Skuli zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya mwezi ule. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameanza skuli ya maandalizi, hata begi lake lilikuwa bado linanuka harufu ya dukani. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka mitatu, umri wa kutia kila kitu mdomoni. Na ilikuwa masika, mvua inashuka asubuhi mpaka adhuhuri, uwa umejaa maji, watoto wamefungiwa vyumba viwili na ukumbi. Nilikuwa nawapa simu yangu watazame katuni. Bando likiisha, kilio. Mama watoto aliyaona hayo kwa wiki mbili bila ya kusema neno.

Siku ninayoikumbuka ni Jumatano moja ya Aprili, Ramadhani imekaribia. Mama watoto alikwenda Kiembesamaki kumtazama mama yake, akaniachia watoto. Nikasema leo nitawafanyia kitu. Kule hotelini kulikuwa na chumba cha watoto wa wageni, na mara kwa mara jiko letu lilipewa kazi ya kuwaandalia donge la kuchezea. Ni jambo jepesi: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, mafuta kijiko, unakanda mpaka liache kunata. Nilikuwa nimelifanya mara nyingi, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nina watoto wanaoweza kulifinyanga.

Nikafunua ndoo ya unga. Nikafanya donge moja jeupe, moja nikalitia manjano ya jikoni likang'aa kama kiini cha yai. Watoto walifurahi mno. Mdogo alilitafuna la kwanza, akalitema kwa ile chumvi, halafu akalipiga ngumi mpaka likawa bapa. Dada yake alifinyanga chapati, akafinyanga kinu, akafinyanga watu wanne na kuwapanga kwa urefu. Wakataka zaidi. Nikafunua ndoo tena. Nilikuwa nimezoea jiko ambalo unga unaletwa kwa magunia.

Mama watoto aliporudi, alivua buibui, akaingia jikoni, kukawa kimya.

"Baba watoto, unga wa kwenye ndoo uko wapi?"

"Nimewakandia watoto, wapate cha kuchezea."

"Wote?"

"Umebaki kidogo."

Akaja ukumbini. Akachukua donge moja, akalionja kwa ncha ya ulimi. "Chumvi," alisema. Neno hilo tu. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi akajishika shavu. Zilikuwa kilo mbili, na ndiyo mandazi ya kesho yake, na watu walikuwa wameshaagiza. Tangu hoteli isimamishe mshahara, mandazi yale ndiyo yaliyokuwa yakitulisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyala kila asubuhi kwa chai. Sikuwa na la kujitetea. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, nikatoka nje.

Jirani yetu ni mwalimu wa maandalizi, mama wa makamo, mtaa mzima tunamwita Bi Mwalimu. Alikuwa kibarazani kwake anachambua mchele, na kuta zetu zinasikilizana, hivyo hakuwa na haja ya kusimuliwa.

"Unga utalipwa," aliniambia. "Na hilo donge usilitupe. Litie kwenye kopo lenye kifuniko, wiki mbili tatu watalichezea. Lakini mwanangu, nani kakwambia mtoto anataka unga?"

Akanieleza kwamba yeye alipata mafunzo yake kwenye mpango wa skuli za awali za madrasa, ule ulioanzia Mombasa mwaka 1986 na kuingia Unguja mwaka 1990. Kule walizoeshwa kutengeneza vifaa vyao wenyewe kwa vitu vya papo hapo. Darasa lake, alisema, lina vifuu, kombe, vifuniko vya soda, kokwa na vijiti vya chelewa, na kwa hivyo mtoto anahesabu, anapanga kidogo na kikubwa, anatenga cheusi na cheupe, anamimina maji kutoka kifuu hiki kwenda kile bila kuyamwaga. "Mkono unaomimina maji bila kumwaga," alisema, "huo kesho utashika penseli." Halafu akaniagiza kama anavyowaagiza wanafunzi wake: mvua ikipusa nichukue kikapu, nitoke na watoto, turudi na vitu ishirini ambavyo havikununuliwa.

Mvua ilipusa baada ya alasiri. Tukatoka, mimi mbele, wao nyuma na miguu yao peku kwenye tope. Nilidhani tutamaliza kwa dakika kumi. Mdogo aliokota kokwa za embe peke yake, kila akiona nyingine anapiga ukelele kama hajapata kuiona, na dada yake akagombana naye kwamba kokwa zote ni kitu kimoja, haziwezi kuhesabiwa tano. Tukakaa pale njiani kulitatua. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopewa kesi nzito namna ile. Tukakubaliana kwamba kokwa yenye nywele na kokwa iliyosuguliwa ni vitu viwili. Tukapata kombe tatu ndogo kwenye chungu ya mchanga wa ujenzi, ufukwe uko mbali lakini mchanga huja nazo. Tukapata vifuu, makumbi, jani la mnazi lililoanguka, bua la mgomba, mabua ya majani ya mpapai ambayo ndani yana uwazi kama mrija. Kwa mwenye nyumba ya kona kuna mzingifuri, akatupa matunda manne yaliyokauka, yale yenye manyoya kama shokishoki. Binti alihesabu mpaka kumi na saba, akaongeza mdogo wake, mimi na yeye, ikawa ishirini.

Nyumbani nilimwambia mama watoto mapema kabisa: hakuna chochote cha kulika kitakachoguswa. Alikuwa anakata bamia za mchuzi wa usiku. Akanisogezea vile vichwa vya bamia ambavyo hutupwa. Hakusema kitu, lakini alivisogeza.

Basi nikatandika jamvi, nikaleta menyu za hoteli. Upande mmoja zina bei za kamba kochi na pweza kwa dola, upande wa pili ni nyeupe tupu, karatasi nzito isiyolowa upesi. Punje za zingifuri nilimpa mdogo azisugue kwa matone ya maji ndani ya kifuu kwa kijiti, na kazi hiyo ilimfaa kuliko zote, kwani mtoto wa miaka mitatu hajui kukata wala kubandika, lakini kusugua, kuponda na kumimina anaweza kutwa nzima. Rangi ilitoka nyekundu kama udongo wa Pemba. Nikakata bua la mgomba kwa kisu changu kidogo, na ndani yake mkato ulikuwa na vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Kichwa cha bamia kinapokatwa vizuri hutoa nyota. Unachovya, unagandamiza kwenye karatasi, unainua. Binti alipoinua mara ya kwanza akaona nyota nyekundu imebaki, alivuta pumzi na kunitazama usoni. Tangu nirudi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa hivyo naye.

Na hapo nikakosea tena. Nyota zake zilikuwa zinapandana, nyingine zimepinda, nyingine nusu zimetoka nje ya karatasi. Mikono yangu imefunzwa kupanga sahani, tango moja likikaa vibaya mpishi mkuu anarudisha trei nzima. Nikaushika mkono wake, nikauelekeza: hapa, halafu hapa, ziende kwa mstari. Aliniachia mkono wake ukawa kama si wake. Tukapiga nyota nne zilizonyooka. Kisha akaliweka chini lile bamia, akaiweka mikono yake mapajani, akawa ananisubiri nimalize.

"Mwache," sauti ya mama watoto ilitoka jikoni. Kumbe alikuwa anatutazama kupitia pazia.

Nikarudi nyuma. Nikakaa, mikono nimeikalia kabisa. Muda mrefu ulipita. Mdogo aliendelea kusugua, ananguruma kama daladala. Binti aligusa bamia kwa kidole, akaliacha. Akaligusa tena. Halafu akapiga nyota moja kwenye karatasi, pembeni kabisa, akanitazama kama nitasema neno. Sikusema. Akapiga nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko. Akaipuliza ikauke. Kisha akasogea na jamvi lake, akaukunja mkono wa shati langu, akanipiga nyota tatu mfululizo, zimepandana, moja imepinda. Sikuzinawa usiku ule. Kwa wudhu zilififia lakini hazikutoka, na nilikwenda nazo msikitini.

Tulifanya mengine kabla ya magharibi, na mengi sikuyaandaa. Mabua ya mpapai tuliyachovya kwenye maji ya sabuni ya kufulia, tukapuliza mapovu mpaka uwani kukawa kama sherehe, nikiwa nimewakanya wasivute kwa ndani. Kwa jani la mnazi, mama watoto mwenyewe ndiye aliyetoka jikoni na kufanya kititia: vipande viwili vya ukuti vilivyokunjwa na kupitishwa kimoja ndani ya kingine, mwiba wa mlimau katikati, chelewa kwa nyuma, unakimbia nacho kinazunguka. Mimi nilikuwa nimesahau kinavyoanzwa. Alikifanya bila kukitazama, huku akinielekeza niangalie sufuria.

Usiku upepo uliangusha papai bichi moja, tukalisikia linapiga chini. Nikaliokota. Binti alikuwa hajalala. Aliviona visu vyangu juu ya kitambaa, akaniuliza vinafanya kazi gani, nami nikamweleza kwamba hoteli ikiwa na harusi nilikuwa nachonga ndege wa papai na maua ya tikiti, wageni wanakuta yamepangwa mezani.

"Ndege wa nani?"

"Wa wageni."

"Na mimi nifanyie."

Nikakaa kwenye mwanga wa taa ya ukumbini, nikamchongea. Utomvu wa papai bichi huwasha mikono, nilikuwa nimeusahau ule muwasho. Nilianza na shingo, kisha manyoya ya bawa, moja juu ya jingine, kwa ncha ya kisu. Yeye alikaa mbali na kisu kama nilivyomwambia, kidevu juu ya magoti, na hakupepesa. Nilichonga harusi zaidi ya arubaini kule kaskazini, na sina hakika kama kuna mtu aliyekaa kumtazama yule ndege akitokea. Mdomo ulipotoka, akasema ni kuku. Nikamwambia ni bata maji. Akasema, kwa hapa kwetu ni kuku. Ikawa kuku.

Mama watoto alipita, akasimama, akamtazama muda. "Mzuri," alisema. "Kesho namtia nazi. Hakuna kitakachotupwa tena humu ndani."

Asubuhi nilikwenda dukani kukopa unga, na mandazi yalichelewa saa moja tu. Mchana ule kuku wa papai alikatwa vipande, akachemshwa, akatiwa tui na pilipili, ukawa mchuzi wa kuliwa na wali. Binti alikaa mbele ya sahani bila kula. Nilidhani ataanza kulia. Alikuwa anakitazama kipande ambacho bado kilikuwa na mistari ya manyoya.

"Baba, na wageni wako nao walimla ndege wao?"

"Hapana. Walimpiga picha."

"Halafu?"

"Halafu sisi tukamtupa."

Alinitazama, akamtazama mama yake, kama anataka mtu mzima mwengine athibitishe jambo hilo. Mama yake alikuwa anampigia tonge mdogo. Binti akakichukua kile kipande cha bawa, akakila, akalamba vidole, kisha akasukuma sahani yake katikati ya mkeka aongezwe.