Wadarizi wa Wolston

Mwalimu wetu wa historia ya vitabu hakupenda mihadhara mirefu. Kipindi cha pili tu alituteremsha kwenye chumba kilicho chini ya maktaba, penye baridi ya kukata masikio, akatuonyesha mtambo wa mbao uliochongwa kwa mfano wa ile iliyotumika London enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Akasema kila mmoja wetu atapanga ukurasa wake kwa mkono, herufi moja moja, aupake wino na kuuchapa. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuweka jina wala alama yoyote. Kurasa zitabandikwa ukutani, halafu tutatafutana.

Ilikuwa mwaka 2008, katika chuo kimoja kisicho mbali na Coventry, nami nilikuwa nasomea ukutubi. Kwa wenzangu herufi za risasi zilikuwa vitu vya makumbusho. Kwangu zilikuwa harufu ya shati la baba. Baba alikuwa mpanga chapa katika kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, nje kidogo ya Tabora, na shule zikifungwa nilishinda naye huko nikiokota herufi zilizodondoka chini ya meza na kuzirudisha kwenye vichumba vyake. Nilizoea kusoma maandishi ya kinyume, yanavyokaa kwenye chapa, kabla sijazoea yale yaliyonyooka. Mwalimu wa darasa la kwanza hakufurahi.

Maandishi tuliyopewa yalitoka katika kijitabu cha Oktoba 1588. Aliyekiandika alijiita Martin Marprelate, jina la kubuni ambalo peke yake lilikuwa tusi kwa maaskofu. Alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti aliyetaka Kanisa lisafishwe zaidi, mwenye ulimi wa pilipili, na aliwachambua maaskofu wa Kanisa la Uingereza mmoja mmoja kwa majina yao, kwa vichekesho na vijembe, kama mtu anayepiga soga kijiweni. Ukurasa wa mbele ulidai kwamba kijitabu kimechapwa ng'ambo, huko Ulaya, falongi mbili tu kutoka kwa kasisi mmoja mwenye kujitutumua, kwa gharama za Bwana Marprelate mwenyewe. Kumbe kilichapwa East Molesey, nyumbani kwa mama mmoja, Elizabeth Crane, na ng'ambo yenyewe ilikuwa ng'ambo ya Mto Thames, mkabala na kasri ya malkia ya Hampton Court.

Ujasiri huo ulikuwa na bei. Tangu 1586, kwa amri ya mahakama ya Star Chamber, mitambo ya kuchapia iliruhusiwa London, na mmoja mmoja katika vyuo vya Oxford na Cambridge, basi. Na kabla kitabu hakijachapwa kilipaswa kupata kibali cha Askofu Mkuu wa Canterbury au Askofu wa London. Yaani anayetaka kumtukana askofu akaombe ruhusa kwa askofu. Mchapaji wa vijitabu vya mwanzo, Robert Waldegrave, alikuwa ameshavunjiwa mtambo wake mwaka uleule wa 1588 kwa kuchapa kitabu kingine cha Kipuritani. Siku walipomvamia alifanikiwa kutoka na kasha la herufi chini ya joho lake. Niliposoma habari hiyo nilijua mara moja uzito wa kasha lile. Wenzangu nadhani walifikiria kitu cha ukubwa wa kasha la viberiti.

Basi tukapanga. Unashika kibao cha chuma kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unachota herufi kwenye kasha bila macho kuangalia, na kidole gumba kinashikilia mstari usianguke. Mstari ukipungua unaongeza vipande vya nafasi, ukizidi unapunguza. Wapangaji wa karne ya 16 walikuwa na raha moja ambayo baba hakuwa nayo: tahajia ya Kiingereza ilikuwa haijatulia, kwa hiyo mstari ukikataa kukaa sawa waliongeza herufi “e” mwishoni mwa neno au waliiondoa, na hakuna aliyelalamika. Kila mpangaji alikuwa na tahajia anazozipenda. Mmoja anaandika “go”, mwenzake “goe”, katika kitabu kilekile.

Kijana aliyekuwa jirani yangu alimwaga mistari yake yote sakafuni. Mimi nilimaliza mapema, na sikuona haya kulifurahia jambo hilo.

Wiki iliyofuata kurasa zilikuwa ukutani, zote za maandishi yaleyale, hazina majina. Mwalimu alipita akizitazama, mikono nyuma. Alipofika kwenye wangu alisimama, akainama, akauliza, “Nani kati yenu amefundishwa na Wafaransa?”

Nilicheka peke yangu. Mapadri waliokianzisha kile kiwanda, wengi wao, lugha yao ilikuwa Kifaransa, na Wafaransa hutenga nafasi nyembamba kabla ya alama ya kuuliza, kabla ya nukta pacha, kabla ya alama ya mshangao. Walimfundisha baba hivyo. Baba akapanga Kiswahili hivyo miaka yote, hata mapadri wale walipokwisha kuondoka. Mimi sikuwahi kufundishwa kitu. Nilikuwa nimepanga Kiingereza cha 1588 kwa mkono wa Tabora, na mkono ulikuwa umeshanisema.

Hapo ndipo mwalimu alipolitaja jina la Valentine Simmes. Alisema katika karakana ya Simmes, London, alikuwepo mpangaji ambaye watafiti wanamwita A tu, kwa kuwa jina lake limepotea. Katika tamthilia, jina la msemaji linapoandikwa kamili pembeni, wengi waliweka nukta baada yake. A hakuweka. Kwa nukta hiyo iliyokosekana, na mazoea mengine ya aina hiyo, kurasa zake zinatambulika katika vitabu kadhaa, zikiwemo tamthilia za Shakespeare. Ikasemwa kama utani mdogo wa kumfariji mwanafunzi aliyekamatwa, darasa likaendelea. Lakini mimi nilibaki na Simmes. Nilikwenda kumtafuta juu, kwenye rafu, na nikakuta kwamba yeye mwenyewe aliwahi kukamatwa, tena kwa ajili ya Marprelate.

Mambo yalikuwa hivi. Mtambo ule wa siri haukukaa mahali. Ulitoka East Molesey ukaenda Fawsley, kwa Sir Richard Knightley. Ukaja Coventry, kwenye nyumba ya watawa wa zamani iitwayo Whitefriars, ambayo sehemu yake bado imesimama na mimi nilikuwa nikiiona nikiwa kwenye basi bila kujua. Waldegrave akachoka na hatari, akaacha kazi. Kiangazi cha 1589 akachukuliwa John Hodgkins, naye akaja na wasaidizi wawili, Valentine Simmes na Arthur Thomlyn. Wakafichwa Wolston, kijiji cha karibu na Coventry, katika nyumba ya Roger Wigston. Mke wake ndiye aliyekuwa na moyo wa kazi ile. Watumishi waliambiwa wageni wale ni wadarizi. Sijui ni watumishi gani hao waliokubali kwamba wanaume watatu wenye wino kwenye kucha wanadarizi, lakini ndivyo ilivyo katika kumbukumbu za kesi.

Kutoka Wolston, Hodgkins alipakia vitu mkokotenini kuelekea Manchester. Walipokuwa wakishusha mizigo Warrington, herufi zikamwagika mbele ya watu. Watu wakauliza ni nini. Hodgkins akajibu kwamba ni risasi za bunduki. Wakaridhika. Agosti hiyo, karibu na Manchester, watu wa mwinyi mkubwa aitwaye Earl wa Derby waliwafumania kazini, wakawachukua wote watatu pamoja na mtambo. Barua ya Baraza la Malkia kuhusu mahojiano yao ipo: wakikataa kusema kweli, wateswe.

Wenye nyumba walitozwa faini. Knightley alitakiwa kulipa pauni 2,000. John Penry, aliyekuwa akiendesha shughuli nzima, alikimbilia Scotland, akarudi, akanyongwa Mei 1593. Na mwandishi? Watafiti wengi leo wanamtaja Job Throkmorton, bwana mwenye ardhi wa Haseley, aliyewahi kuwa mbunge. Alikana maisha yake yote. Akafa 1601 kitandani, jina safi mbele ya sheria. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa hasira, nikaenda kunywa chai.

Kuna kijitabu cha mwisho, kilichochapwa Septemba baada ya wale watatu kukamatwa. Nilikiona katika nakala ya picha. Kurasa zake za kwanza ni aibu tupu: mistari imepinda, makosa tele, ni wazi waliopanga hawajawahi kushika kibao. Wanaume wa vitabu walilazimika kufanya kazi ya mikono, kwa kuwa wenye mikono walikuwa kifungoni. Sijawahi kuona uthibitisho mzuri kuliko huo wa thamani ya mpanga chapa, na wameuandika wenyewe.

Simmes aliachiwa. Miaka michache baadaye alikuwa na karakana yake London, na mwaka 1597 akachapa tamthilia ya Mfalme Richard wa Pili. Ukurasa wa mbele una jina lake lote, Valentine Simmes, na la muuza vitabu, Andrew Wise, na hata duka la kwenda kununulia. Jina la Shakespeare halimo kabisa. Mwaka 1603 ikaja Hamlet ya kwanza kuchapwa, ile fupi, ambayo leo zimebaki nakala mbili tu duniani. Safari hii jina la Shakespeare limo na la mchapaji halimo. Tunajua ni kazi ya Simmes kwa sababu ya chapa na mapambo yake. Nilimwonyesha mwalimu kurasa hizo mbili zikiwa sambamba, akasema nimepata insha yangu.

Insha ilikwama kwenye jambo moja. Hodgkins alieleza kwamba siku moja alilala nyumbani kwa Throkmorton kule Haseley. Asubuhi akaondoka pamoja na Penry, na hawajafika mbali akaona njiani, mbele ya miguu yake, karatasi zimeviringishwa. Akaziokota. Ilikuwa sehemu ya kijitabu kipya cha Marprelate, tayari kupangwa. Vitabu nilivyosoma vilisema wazi kwamba karatasi zilidondoshwa makusudi, lakini maelezo yao yote yaliishia kwamba mwandishi alitaka kujificha. Ajifiche kwa nani? Kwa mtu aliyetoka kulala kwake?

Nikanunua kadi ya simu, zile ambazo dakika zake huisha kabla ya salamu.

“Baba, shikamoo.”

“Marahaba, mama. Huko baridi haijakuua?”

Nilimweleza habari ya Hodgkins kwa haraka. Alisikiliza, akakohoa, akanirudisha nyuma mara mbili, akitaka kujua kwanza ilikuwa karatasi ya mwandiko mmoja au ya mchanganyiko, na nani aliyekuwa akimlipa. Halafu akacheka.

“Mpanga chapa anajua mwandiko wa kila mtu,” alisema. “Padri akileta barua ya siri bila sahihi, mimi nikiona ‘k’ yake nimeshamjua. Huyo bwana alikuwa hajifichi kwa mpangaji. Alikuwa anampa cha kusema.”

“Cha kusema wapi?”

“Wakimkamata. Akiulizwa nani amekupa, anaapa kwamba hakupewa na mtu, ameokota njiani. Na haapi uongo. Hawa si walikuwa watu wa dini?”

Nilikaa kitako kwenye ngazi za bweni. Wapuritani kweli walikuwa watu wa kuogopa kiapo, na hicho ndicho Hodgkins alichowaambia waliomhoji: ameokota njiani. Nikamuuliza baba kama na yeye amewahi kuokota kitu njiani. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, nilimsikia vizuri kabisa.

Nilimwomba basi ruhusa ya kuandika jina lake katika insha, kwa kuwa maelezo hayo sikuyakuta kwingine na si haki niyafanye yangu. Akakataa. “Andika mpanga chapa mmoja wa Tabora, inatosha.”

Nikaandika hivyo kwenye tanbihi. Insha iliporudi, mwalimu alikuwa ameizungushia tanbihi ile wino mwekundu: jina kamili la aliyehojiwa, tarehe na mahali. Alama alizonipa zilikuwa nzuri, kasoro hiyo moja. Alinikumbusha tena kwa mdomo kabla muhula haujaisha, nikamwambia nimeyaokota njiani.