Siku moja maishani mwangu: Detroit anaondoka, Memphis anaingia

Saa 10 alfajiri

Detroit yuko nje tayari. Nimezoea kuwakuta wachezaji wamelala, nibonyeze kengele mpaka jirani wa ghorofa ya pili aanze kutukana, lakini huyu kakaa juu ya begi lake kwenye ngazi, kofia imemfunika uso, kama abiria anayesubiri basi la mkoani. Jana jioni viongozi walimwita ofisini. Dakika tano, akatoka. Mechi saba, kikapu hakiingii, basi tena. Kwenye timu ndogo za mpira wa kikapu za Ugiriki Mmarekani hapewi muda mwingi zaidi ya huo.

Majina yao siandiki. Mimi nawaita kwa miji waliyotoka, na wao wananiita "mzee" kwa Kiswahili, kwa sababu niliwafundisha hivyo siku ya kwanza. Kazi yangu Wagiriki wanaiita frontistis. Sijapata neno moja la Kiswahili linaloitosha: mtunza vifaa, mfua jezi, dereva, fundi wa maji moto, na mchezaji akikatwa, yaani akiachwa na timu, msikilizaji.

Barabara ya kwenda uwanja wa ndege ni tupu saa hizi. Detroit kasukuma kiti nyuma mpaka mwisho na bado magoti yanagusa dashibodi. Anasema wakala wake ana mazungumzo na timu ya Poland. Anasema mke wake ameshachoka kukariri majina ya miji. Halafu kimya mpaka kwenye kibanda cha kulipia barabara.

"Wamekulipa?" namuuliza.

"Yote. Niliwatajia Geneva."

Hapo tukacheka wote wawili. Kwa mchezaji wa kikapu aliyeko Ulaya, Geneva si mji wa saa na mabenki, ni kesi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilianzisha chombo chake cha usuluhishi mwaka 2007. Klabu ikikudhulumu mshahara unapeleka karatasi zako kule, zote kwa Kiingereza, anakaa msuluhishi mmoja anasoma na kuamua. Klabu ikikaidi uamuzi, inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya, na timu isiyoweza kuleta Mmarekani mwingine katikati ya msimu imejichimbia kaburi. Ndiyo maana wakubwa wangu wanalipa Wamarekani kwanza. Mshahara wangu wa mwezi uliopita haujaingia hadi leo. Frontistis hana Geneva.

Tumekumbatiana mlango wa kuondokea. Kaingia bila kugeuka.

Saa 1 asubuhi

Nimerudi kwenye fleti kuiandaa, maana mwingine anatua saa 5. Fleti ni ileile. Kitanda ni kilekile, nilichokirefusha mwenyewe kwa benchi la chumba cha kubadilishia nguo lililokatwa miguu, na juu yake godoro la mtoto. Ukilala huhisi kiungo, ila ukikaa kwenye ukingo usiku kinalia.

Jikoni nusu chupa ya pilipili ya Kimarekani. Bafuni tepu za vifundo vya miguu. Kwenye droo ya chini ya televisheni, adapta za umeme. Hizi nimeacha kuzitupa. Kila Mmarekani anakuja na plagi ya miguu bapa, anagundua soketi za huku ni za mashimo ya duara, ananunua adapta, na akikatwa anaisahau. Ziko 11 sasa. Nikizitazama naweza kukutajia nani alikuwa nani: ile nyeupe yenye ufa ni ya Baltimore, aliyefunga pointi nyingi nusu ya kwanza ya msimu tukamuuza Israel. Ile nyekundu ni ya kijana wa Indiana aliyekaa siku tisa.

Kwenye baraza nimekuta viatu vya Detroit, jozi nzuri ya kuchezea, namba 49, vimeanikwa juu ya kamba. Kasahau. Nikaviweka kwenye gari nisije nikavisahau na mimi.

Nilifika Piraeus, bandari ya Athens, mwaka 2008, kwa njia ya mabaharia wengi wa kwetu. Wanaojua kuzamia wanajua, wasiojua wasiulize. Kiangazi kilekile Josh Childress naye alifika Piraeus, kwa njia tofauti kidogo: Olympiacos, klabu kubwa ya hapa, walimchukua kutoka Atlanta Hawks kwa mkataba wa miaka mitatu uliotajwa kuwa wa dola milioni 20 hivi, kodi juu ya klabu. Mchezaji wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mwenye umri mzuri, anayetakiwa kwao, anapanda ndege kuja huku! Mtaani hapakuwa na habari nyingine. Yeye alicheza misimu miwili akarudi Marekani kuchezea Phoenix. Mimi nimebaki, na mpaka leo najidai kwamba tuliingia pamoja.

Saa 5 asubuhi

Memphis ametoka na begi la mgongoni tu. Shirika la ndege limeliacha begi lake kubwa mahali fulani alikobadilishia ndege. Limebeba nguo zake zote na viatu vyake vyote. Tumejaza fomu. Dada wa kaunta kamuuliza rangi ya begi, kasema jeusi, dada kacheka kwa huzuni.

Ana miaka 25, anacheza namba moja, yaani mwongoza mashambulizi, bega moja limechorwa jina la bibi yake. Tumefika maegesho ndipo kaniuliza natoka wapi.

"Tanzania."

Kasimama. "Hasheem!"

Memphis alikuwa na miaka tisa mwaka 2009, Grizzlies, timu ya mji wake, walipomchagua Hasheem Thabeet namba mbili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, nyuma ya Blake Griffin. Baba yake alimpeleka uwanjani kumwona mtu wa mita 2.21. Akanikumbusha, kwa adabu, kwamba mwaka ule James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mtu wa Memphis halisahau jambo hilo. Nikamwambia Dar es Salaam hatuhesabu hivyo. Kijana aliyeukuta mpira wa kikapu ukubwani, akatoka kwetu mpaka kukaa juu ya Harden kwenye orodha hata kwa usiku mmoja, sisi yametutosha. Akafikiri kidogo, akasema, "Alikuwa anazuia mitupo, lakini." Alikuwa anazuia, ndiyo.

Njiani nikamsikiliza hesabu zake, maana wote wanazo. NBA ina timu 30, kila moja wachezaji 15 wa mkataba kamili: nafasi 450 kwa dunia nzima, na mikataba michache ya nusu huku nusu kule. Chini yake kuna G League, anakotoka yeye, inayolipa dola elfu 40 na kidogo kwa msimu. Huku timu ndogo kama yetu inakupa mshahara usiokatwa kodi, fleti, gari ukiwa na bahati, na tiketi ya kurudi. Ukicheza vizuri miezi mitatu, timu kubwa inakuona.

"Wakala wangu anasema Nunn," akaniambia.

Mawakala wote siku hizi wanasema Nunn. Kendrick Nunn alikuja Panathinaikos vuli ya 2023 baada ya NBA kumkaushia, 2024 akabeba ubingwa wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, 2025 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo. Ni kweli tupu. Ila hakuanzia kwenye kitanda chenye benchi.

Saa 7 mchana

Moyo, damu, magoti. Daktari kaandika, kagonga muhuri. Barua ya ruhusa kutoka shirikisho la Marekani nayo imefika ofisini, bila hiyo hachezi Jumamosi hata awe nani.

Saa 9 alasiri

Fleti. Somo langu la dakika kumi nalijua kwa moyo. Maji moto hayaji yenyewe: kuna swichi kwenye kisanduku cha umeme, washa, subiri nusu saa, oga, zima, usipozima bili inakuja kwangu. Karatasi ya chooni haiendi chooni, inaingia kwenye kindoo, mabomba ya Athens hayana mchezo. Hili linawashtua kuliko mshahara kuchelewa. Detroit alidhani namtania, mpaka fundi alipokuja.

Tukishuka kachuma chungwa mti wa barabarani. Nikamwacha. Miti hii imejaa Athens na matunda yake mtu anayetoka pwani ya kwetu angeyajua kwa harufu tu: ni danzi. Kaling'ata, kalitema, kaniangalia kama nimemuuza.

Adapta? Nikafungua droo. "Chagua."

Saa 11 jioni

Mazoezi. Sasa viatu. Mguu wake ni namba 49, na Piraeus yote hakuna duka la kukupa 49 ya kikapu jioni hiyohiyo. Nikaenda kwenye gari nikavileta vya Detroit. Kavitazama ndani, kaona vimeumbika mguu wa mtu, hakuuliza wa nani. Kavivaa.

Watu wa nje wanadhani Mmarekani akija Ulaya anashuka ngazi, atacheza usingizini. Ningetamani wamwone Memphis dakika kumi za mwanzo. Mpira wa kwanza kaupokea pembeni, kainua mguu kabla hajaudundisha: filimbi, kosa la kutembea na mpira. Wa pili, kutembea. Wa tatu akawa anatazama miguu yake kama ya kukodi. Halafu akapata njia, akamwacha beki wake kwa hatua moja nzuri sana, akaingia kati na kukuta watu watatu wamesimama wanamsubiri. Kwao Marekani beki haruhusiwi kuganda chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu. Huku anaweza kuleta kiti. Kwa hiyo njia anayoiona Mmarekani ni mlango uliochorwa ukutani, na kujua hivyo kunachukua wiki kadhaa, na wiki ndizo hawapewi.

Detroit hakuwahi kujua. Kila mechi aliingia mlango uleule.

Huyu, mara ya nne, kaingia, kasimama ghafla, kautoa mpira nyuma ya mgongo kwa yule Mgiriki wetu wa kona, asiyefunga kitu mwezi mzima. Ukaingia. Kocha hakusema neno, na kocha wetu akinyamaza amefurahi. Baadaye kafunga mitupo mitano ya pointi tatu mfululizo. Mstari wa huku uko mita 6.75, wa kwao mita 7.24, yeye akawa anatupia palepale alipozoea, hatua nzima nyuma ya mstari.

Saa 2 usiku

Mlinzi wa getini, tunayemwita Barba, yaani mjomba, hamruhusu mchezaji mpya kutoka kabla hajamhoji. Mimi natafsiri.

"Memphis iko wapi na Mississippi?"

"Jirani kabisa."

"Basi unamjua Alphonso Ford."

Memphis hakumjua. Barba akavua miwani.

Ford alitoka Greenwood, Mississippi. NBA alicheza mechi zisizofika hata msimu mmoja, kisha akaja Ulaya, na Ugiriki akapita timu ndogo kabla ya Peristeri, klabu ya kitongoji. Msimu wa 2000–01 aliwaongoza wafungaji wote wa EuroLeague, wastani pointi 26, akiwa Peristeri! Halafu Olympiacos, halafu Italia. Muda wote huo alikuwa na saratani ya damu, tangu 1997, na hakuwa anaitangaza. Alifariki Septemba 2004, miaka 32. Tuzo ya mfungaji bora wa EuroLeague ina jina lake mpaka leo.

Barba alimwona kwa macho yake, na anaeleza kwa mikono: jinsi alivyokuwa anampa beki bega, anasubiri, anasubiri, kisha anapanda. Memphis akaomba arudie lile bega. Mzee wa miaka 74 akarudia, getini, na funguo mkononi. Kijana akalijaribu. Wakarudia mara tatu, mimi nimesimama na kapu la taulo chafu, bila cha kutafsiri.

Kwenye gari akatafuta jina la Ford kwenye simu. "Greenwood ni saa mbili kutoka kwetu," akasema. "Bibi yangu ni wa kule."

Saa 4 usiku

Mashine ya kufulia inazunguka. Kundi la WhatsApp la Watanzania wa Piraeus linatukanana kuhusu Simba na Yanga, nimelinyamazisha. Nimebaki na jezi. Hatuna bajeti ya kuchapisha mpya katikati ya msimu, kwa hiyo napasha pasi, naweka kitambaa, nabandua herufi moja moja kwa kisu cha siagi. Jina la Detroit lina herufi saba, la Memphis tano. Ukishabandika la tano, pembeni yanabaki madoa mawili ya gundi, huku moja na kule moja. Kwenye televisheni hayaonekani.

Simu imelia. Detroit, kashafika kwao. Kapeleka picha: yuko sebuleni, mtoto kamlalia kifuani. Chini yake kaandika kwamba Poland wamekubali, anaondoka Ijumaa, na je, mzee, sikuacha viatu kwenye baraza? Ndiyo jozi pekee isiyomuumiza kidole, nimtumie moja kwa moja kule Poland.

Nikaenda kuvitazama. Viko juu ya hita, nimevijaza magazeti vikauke, kesho saa 4 asubuhi Memphis ana mazoezi ya kutupa na begi lake bado halijulikani liko nchi gani.

Nikamjibu: vipo, viko salama, naomba nivae mpaka Alhamisi.

Akauliza: wewe?