Mkasi wa Dokta

Tulikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, na semina yetu ya historia ilipangwa saa nane mchana, saa ya watu kusinzia. Siku hiyo Dokta aliingia na bahasha, akamwaga vipande vya karatasi mezani. Ilikuwa insha ya mwenzetu, dada mmoja wa Kilwa, ambaye alikubali itumike. Aya zote zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, hazina namba.

"Zipangeni," akasema.

Swali lilikuwa: je, dini ndiyo iliyosababisha Vita vya Maji Maji, vile vya kuwapinga wakoloni wa Kijerumani? Insha ya Kiingereza, mabishano ya Kiswahili, kama kawaida yetu. Kundi letu likaanza na kodi, kisha kilimo cha pamba cha kulazimishwa, viboko vya maakida (wasimamizi wa Wajerumani), na mwisho dawa ya mganga Kinjikitile, yaani maji yaliyoaminika kuzuia risasi. Wenzetu wakaanza na dawa, wakamalizia na kodi. Zote mbili zilisomeka vizuri tu. Dokta akacheka.

"Mnaona? Hoja zimepanga foleni, hazijuani."

Sekondari tulifunzwa hivyo: utangulizi wa kueleza maneno ya swali, hoja sita, hitimisho la kurudia utangulizi. Mitihani tuliifaulu kwa mtindo huo, na mtu anayekimbizana na saa simlaumu. Ila Dokta alitaka jibu. "Dada, wewe unasema ndiyo au siyo?"

Akafikiri. Akasema pamba inaeleza kwa nini Wamatumbi waling'oa miche kule Nandete, Julai 1905. Haielezi kwa nini Wangoni, waliokuwa mbali na mashamba hayo, waliingia vitani Septemba, ilhali Kinjikitile alikwisha kunyongwa tarehe 4 Agosti. Kilichowafikia ni maji, yakiletwa na wajumbe. Kwa hiyo dini haikuwasha vita, iliisambaza.

"Basi andika hivyo hivyo, utangulizi wako umalizikie hapo."

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Pamba ilibidi itangulie dawa, maana dawa inajibu swali ambalo pamba imelishindwa. Kodi na viboko vikaingia katika aya moja na pamba, kwa kuwa vyote ni shuruti ya Wajerumani. Aya ya njaa iliyofuata vita, ambayo kwa lugha ilizishinda zote, ikakosa pa kukaa. Dokta akairudisha kwenye bahasha. Mwenyewe akanuna, na haki yake.

Kisha akatushangaza. "Dokta, mimi naanzia Ungoni."

Tukampinga: ya Septemba yatanguliaje ya Julai? Akasema insha si kalenda. Msomaji akikutana kwanza na Wangoni wanaopigana vita visivyo vya pamba yao, atataka mwenyewe kujua vilifikaje huko, na hapo ndipo atarudishwa Nandete. Dokta akakuna kidevu, akamwambia aandike hivyo, aone.

Aliandika, akapata alama nzuri. Mimi hadi leo ningeanza na Julai.